Boliti ya Chini ya Kiti

Kazi ya Raelene Fehr ilikuwa kuwapigia wazee kelele. Si kwa ubaya, ndivyo mkataba wake ulivyosema. Mzee anakaa kwenye kiti cha mashine, anafungwa mikanda kifuani na kiunoni, mguu wa kulia unafungwa kwenye mkono wa chuma, halafu Raelene anasimama hatua mbili pembeni yake na kupaza sauti: "Tayari? Sukuma! Sukuma! Sukuma! Zaidi! Zaidi! Zaidi! Pumzika."

Maneno manane, yamebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. La tisa haruhusiwi. Mzee akiingia, Raelene anaweza kumsalimia na kuzungumza naye habari ya hali ya hewa, basi, maana Profesa Margit Haugen alikuwa ameapa kwamba katika utafiti wake hakuna mzee atakayetiwa moyo kuliko mwenzake. Profesa alitaka kujua jambo moja: misuli ya mtu aliyepita miaka sabini ikisema imechoka, imechoka kweli au inajidekeza?

Na jibu alikuwa na njia ya kulipata. Mzee akifika kilele cha kusukuma, Raelene anabonyeza kitufe, na shoti ndogo ya umeme inampiga pajani. Haiumi sana. Bi Elfrieda Klassen alisema ni kama kudonolewa na bata bukini, na yeye amefuga bata bukini miaka hamsini. Kama msuli ulikuwa umeshatoa vyote ulivyo navyo, mstari kwenye skrini hautikisiki. Kama ulikuwa unabania, mstari unaruka kama chura aliyekanyagwa mkia ambao hana, na kompyuta inaandika: asilimia themanini, asilimia sabini na mbili. Hapo hakuna kujitetea. Mtu anaweza kukunja uso, anaweza kuguna mpaka mishipa ya shingo isimame, lakini paja lake limeshamsemea.

Sasa shida ilikuwa hii. Jumatatu na Jumatano mashine ilikuwa ya Trevor Bilyk, kijana aliyecheza mpira wa kugongana wa chuo mpaka shingo yake ikawa pana kama kichwa. Jumanne na Alhamisi ilikuwa ya Raelene. Wazee waligawanywa kwa kura. Wa Trevor walikuwa wakitoa asilimia tisini na tano. Wa Raelene, sabini na tisa.

"Unawapigia kelele au unawabembeleza walale?" Trevor alimwuliza mlangoni, mdomo umejaa mkate. "Nilipita jana nikasikia usingizi."

"Pita na leo basi, ulale kabisa tupumzike."

Lakini moyoni hakucheka. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, kweli, ila kwa ajili ya kazi hii alikuwa amefanya mazoezi wiki mbili ndani ya gari la bibi yake, vioo vimepandishwa, akiufokea usukani. Kipima sauti kilichowekwa mezani kilionyesha sauti yake inafika kwenye mstari mwekundu sawasawa na ya Trevor. Kwa hiyo sauti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa wapi?

Jumanne jioni Profesa Haugen alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kupoteza maneno.

"Raelene, nimeangalia sauti yako. Iko sawa."

"Asante, Profesa."

"Usinishukuru. Wazee ni wa aina moja, mashine ni ile ile, kelele ni zile zile. Ninachokiona kinabadilika ni wewe. Muda wako wa majaribio unaisha lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa tatu asubuhi nitakuja nikae nione kwa macho yangu. Yule Mzee Sawchyn wako, aliyetoa sabini na nne, mwite tena. Akitoa sabini na nne nyingine, vipimo vyako vyote nitavitupa, na wewe nitakuandikia barua. Sitaki, lakini nitaandika."

Raelene aliijua vizuri njia ambayo barua ile ingemrudisha. Ingemrudisha Rosthern, kwenye mabanda ya kuku ya mjomba wake, alikookota mayai miaka minne, elfu tatu kwa siku, kabla ya kuapa kwamba lile aliloshika lilikuwa yai lake la mwisho. Mjomba alikuwa bado hajaajiri mtu mwingine. "Nafasi yako ipo," alikuwa akimwambia kila Jumapili, kwa upendo kabisa, na kila Jumapili Raelene akamshukuru na kukimbilia mlango.

Kupiga kelele hakuzaliwa nako, ila kutazama alizaliwa nako. Jumatano akabeba kapu la taulo, akakaa korido mbele ya kioo cha maabara, akawa anakunja taulo moja polepole kama mtu anayekunja barua ya posa, macho yake kwa Trevor.

Trevor aliingia na kikombe cha kahawa, akakiweka juu ya mashine. Mzee wake wa kwanza alipofika, kiti kilikataa kusogea, basi Trevor akakipiga teke kwa chini. Kikasogea. Mzee akatazama teke lile, akatazama mashine, akakaa. Trevor alipopaza sauti, mzee alisukuma kama anayetaka kuubomoa ukuta wa pili. Tisini na sita. Wa pili akaja, teke, kahawa, kelele. Tisini na nne. Raelene akaikunjua taulo, akaikunja tena. Kuna kitu alikuwa anakiona lakini hakijataka kumwambia jina lake.

Alhamisi jina likaja lenyewe. Bi Elfrieda Klassen alikuwa ametoa sabini na saba. Raelene akamfungua mikanda, akaikunja, akachukua kitambaa laini akaanza kupangusa kiti, kama alivyofanya kila siku, maana kwao hata kochi lilivikwa nailoni. Bi Elfrieda akasimama pembeni akimtazama, kisha akaipigapiga mashine mgongoni kama ng'ombe aliyemaliza kukamuliwa.

"Sikuiumiza," akasema.

"Nani, mama?"

"Hii. Nilisikia inaanza kulia, nikaipunguzia. Usiwe na wasiwasi, binti yangu, naona unavyoitunza. Mume wangu aliazima kombaini ya jirani ya kuvunia ngano mwaka ule wa mvua nyingi, akaikimbiza, mkanda ukakatika. Miezi minne hatukwenda kanisani, tungekaa benchi gani na jirani yupo?"

Raelene akaacha kupangusa.

Kombaini! Kila kundi jipya la wazee lilipokuja, Profesa aliwasimamisha mbele ya mashine na kuwaambia, kwa fahari, kwamba bei yake ni ya kombaini mpya. Aliwaambia hivyo watu ambao tangu wanyonye wamefundishwa kwamba mashine ya mwenzako unaiendesha robo tatu, unairudisha imeoshwa, na tangi umelijaza. Halafu wanamkuta Raelene anaifuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nani angethubutu kuisukuma mpaka mwisho? Kwa Trevor walimwona mwenye mali mwenyewe anaipiga mateke. Kama yeye haionei huruma, wao ni nani?

Dawa ilikuwa kuwaambia: sukumeni, haivunjiki. Lakini hayo yangekuwa maneno zaidi ya nane, na aliyeyasema angefukuzwa kabla ya Ijumaa kufika. Alijaribu teke. Aliusimamia mguu wake nusu dakika nzima mbele ya kile kiti, akauhesabia moja, mbili, tatu. Mguu ukakataa. Katika ukoo wa Fehr hakuna aliyewahi kupiga mashine teke, na mguu ulijua.

Ndipo akatazama tena ile karatasi ya ukutani, akaisoma kama mwanasheria. Ilisema mpimaji asiseme. Haikusema lolote juu ya kile ambacho mzee anaweza kukiona.

Saa kumi alasiri, Trevor, aliyeshinda korido hata siku zisizo zake, alipoondoka, Raelene akachukua tepu ya kijivu akaizungusha kwenye mkono wa chuma, ovyo ovyo, ncha zikining'inia. Akabandika kipande kingine ubavuni. Akaleta ndoo ya kudekia akaiweka chini ya kiti, na ndani yake akamimina kahawa iliyobaki ya Trevor, kidogo tu, ifanane na oili inayovuja. Akarudi nyuma kutazama. Mashine ilionekana kama kitu kilichookotwa kwenye mtaro. Hakuna mtu, aliwaza, atakayeionea huruma takataka hii.

Ndivyo alivyowaza, na katika kuwaza huko alisahau wazee wale ni watu wa namna gani.

Nestor Sawchyn, miaka sabini na saba, mkulima wa ngano na haradali kutoka upande wa Wakaw, alifika Ijumaa nusu saa kabla ya saa yake, kwa kuwa kwao kufika kwa wakati ni kuchelewa. Alivaa koti la turubai na kapelo ya kampuni ya mbegu. Akasimama mlangoni.

"Habari za asubuhi, mzee," Raelene akasema. "Theluji inayeyuka."

"Inayeyuka, lakini itarudi. Hii imepatwa na nini?"

Raelene akaangalia ukutani. "Naona na upepo umetulia."

"Nakuuliza mashine, unanijibu upepo."

Akainama juu ya ndoo. Akachovya kidole, akakinusa, akakiweka kwenye ulimi. Raelene akafumba macho.

"Kahawa," mzee akasema. "Tena ya sukari." Kisha akanyanyuka uso umemwiva. "Mmeimwagia kahawa ndani! Ni yule kijana mwenye shingo, siyo? Nilimwona kwenye korido na kikombe chake."

"Huenda mchana jua likatoka, mzee."

"Mtetee tu! Mashine ya bei ya kombaini mnainywesha kahawa, halafu mnaifunga tepu! Tepu!" Akaivuta ncha moja, ikachanika kwa mlio. "Hata nguruwe wangu simfungi tepu."

Akavua koti. Mfukoni mwake akatoa spana, kama mtu mwingine angetoa leso, akajilaza sakafuni kwa kuguna, akaingia chini ya kiti. Zikabaki buti zake mbili nje.

Hili Raelene hakulipanga. Mashine ile haikuruhusiwa kuguswa na yeyote ila fundi wa kampuni, anayekuja kwa ndege kutoka Toronto. Ilimpasa amzuie. Akayapitia maneno yake manane haraka haraka akitafuta lenye kufaa, akapata moja.

"Pumzika!" akafoka.

"Nitapumzika nikifa," zikajibu buti.

Mlango ukafunguka, akaingia Profesa Haugen na daftari lake, na bahasha nyeupe imetokeza kati ya kurasa. Akaitazama ndoo. Akaitazama tepu. Akazitazama buti, na hapo ndipo macho yalipokaa.

"Ni nani huyo?"

"Mzee Sawchyn, Profesa."

"Anafanya nini chini ya mashine yangu?"

"Anafanya kazi ambayo ninyi hamfanyi," ikatoka sauti huko chini. "Nani kati yenu ana tochi? Huku giza kama tumboni mwa ng'ombe."

Miaka thelathini profesa huyu alikuwa ameandika vitabu na kuhutubia katika miji mikubwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwagiza tochi. Labda ndiyo maana hakujua namna ya kukataa. Akatoa simu yake, akachuchumaa na sketi yake nzuri, akammulikia.

"Enhe. Njoo uone mwenyewe, bibie. Boliti hii ya chini ya kiti. Tingisha. Unaona? Imelegea. Hii ni mateke, siyo kahawa. Mtu anaipiga hapa."

Profesa akatingisha. Boliti kweli ilikuwa inacheza. Raelene, ambaye alikuwa amesimama akiyahesabu mayai ya mjomba wake kichwani, akasogea kuchungulia, maana hata yeye hakujua. Ugonjwa alioubuni kwa ndoo na tepu ulikuwa umeikuta mashine na ugonjwa wake wa kweli.

Mzee Nestor akaikaza. Robo ya mzunguko, nusu, kisha akaipiga kofi la mwisho. Akatoka, akajipangusa magoti.

"Tayari. Sasa ni mashine."

"Sasa ni mashine isiyojulikana inapima nini," Profesa akasema kwa uchungu. Akaenda mwenyewe kabatini, akaleta jiwe la chuma la kuhakikishia vipimo, ambalo uzito wake unajulikana mpaka gramu, akalitundika kwenye mkono wa chuma. Skrini ikasoma uzito ule ule, haukuongezeka wala kupungua. Akaliondoa, akalitundika tena. Ule ule. Akakaa kwenye kiti cha pembeni na kumwashiria Raelene aendelee.

Raelene akamfunga mzee mikanda. Akakosea tundu mara mbili. Akasimama hatua mbili pembeni.

"Tayari?"

"Tangu saa mbili na nusu," mzee akasema.

"Sukuma! Sukuma! Sukuma!"

Na mzee akasukuma. Hakukunja uso wala hakuguna. Aliinamisha kapelo tu, kama mtu anayeiingiza trekta kwenye tope analolijua, na mstari kwenye skrini ukapanda, ukapita pale ulipoishia siku ile ya kwanza, ukaendelea kupanda. Kiti kikalia. Mzee akakisikia kikilia, akasukuma zaidi. "Zaidi! Zaidi! Zaidi!" Raelene akabonyeza kitufe. Shoti ikapiga.

Mstari haukutikisika.

"Pumzika," Raelene akasema, na sauti yake ndogo ya asili ikawa imerudi.

Tisini na tisa. Wakarudia baada ya mapumziko: tisini na nane. Wakarudia ya tatu: tisini na tisa. Hata kwa Trevor hapakuwahi kutokea mguu kama ule.

Profesa Haugen akasimama. "Umemwambia nini?"

"Salamu na hali ya hewa, Profesa."

"Hajaniambia kitu huyu," mzee akasema akijifungua mikanda. "Nimemwuliza maswali ya maana, ananitajia upepo na jua. Nilidhani amepatwa na homa."

"Basi kwa nini, Mzee Sawchyn? Mwezi uliopita ulitoa sabini na nne."

"Mwezi uliopita ilikuwa mashine yako. Ingevunjikia mguuni mwangu, ningekutazama vipi usoni? Wewe mwenyewe ulitusimamisha hapa ukatutajia bei yake, mpaka mke wangu akaogopa kuigusa." Akaipigapiga kwa kiganja. "Leo boliti nimeikaza kwa mkono wangu. Ikivunjika, najua nilipokosea, nami nitaitengeneza. Kitu ulichokitengeneza mwenyewe unakiendesha mpaka mwisho, bibie. Vinginevyo ulikitengenezea nini?"

Uso wa Profesa uliokuwa mweupe ukaanza kupata rangi, kuanzia masikioni. Kisha akageuka, akaenda mlangoni, akaita korido: "Bi Klassen yupo?"

Bi Elfrieda alikuwepo, kwa kuwa alikuwa amemleta dada yake kliniki, naye pia alikuwa amewahi nusu saa. Profesa akailegeza boliti kwa mkono wake mwenyewe, kwa spana ya Mzee Nestor aliyeikodolea macho, akampa mama yule spana, akamwomba, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, amkazie kidogo. Bi Elfrieda hakuuliza kwa nini. Aliinama, akakaza kwa nguvu za mtu aliyefungua mitungi ya kachumbari maisha yake yote, akakaa kitini. Jana alitoa sabini na saba. Leo, kelele zile zile, maneno yale yale manane: tisini na sita.

"Hata haikulia," akasema kwa furaha. "Au ililia, sikuijali."

Wazee walipokwisha kutoka, wakabaki wawili na ile ndoo.

"Tepu ni wewe," Profesa akasema.

"Ni mimi."

"Na ndoo."

"Na ndoo, Profesa. Na kahawa. Nilitaka waione mbovu wasiihurumie. Sikujua wataitengeneza."

"Umekulia wapi wewe, usijue kwamba wataitengeneza?"

Raelene akainama. Aliposikia sauti ya ajabu akainua macho, akaona Profesa Haugen amejiziba mdomo kwa daftari na mabega yanamtikisika.

"Mzee Sawchyn asijue kamwe," Profesa akasema alipopata pumzi. Akaitoa ile bahasha nyeupe, akaigeuza nyuma, akaiegemeza kwenye kiti na kuanza kuandika: kabla ya kila mzee kupimwa, boliti ya chini ya kiti ilegezwe, naye apewe spana aikaze mwenyewe, mpaka atakaporidhika. Akakata mstari, akaandika tena. Bei ya mashine isitajwe. "Na wote waliotangulia waitwe upya, wako na wa Trevor, kabla hawajaingia mashambani kupanda. Tunahitaji spana. Ile ya mzee ilikuwa nzuri, sijui kama..."

Ikabidi wamkimbilie mzee korido. Walimkuta amemweka Trevor ukutani, amemwinulia kidole, anamsomea habari za kahawa na sukari, na Trevor anaapa kwa mama yake kwamba hajamwaga hata tone.

"Spana yangu?" Nestor Sawchyn akasema, akaikumbatia kifuani. "Siazimi spana. Kaka yangu nilimnyima." Akamtazama Profesa kuanzia viatu hadi nywele, akamtazama Trevor kwa muda mfupi zaidi, kisha akamgeukia Raelene. "Huyu binti nitamwachia. Huyu anafuta vitu vyake. Yeye na si mwingine, na siku akiondoka hapa, spana inarudi Wakaw siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

Profesa Haugen akaitazama spana. Akamtazama Raelene, kisha bahasha mkononi mwake, iliyojaa maandishi nyuma, na ndani barua ya kumfukuza bado imefungwa.

"Tumeelewana," akasema. Akaichomoa barua, akaichana, akabaki na bahasha yenye maandishi. "Raelene, Jumatatu uwe hapa saa mbili kamili, na Jumatano pia, siku za Trevor. Boliti haitajilegeza yenyewe."